Yah: Malalamiko kuhusu kipimo cha unga wetu wa kutoa madoa

Chang'ombe, Dar es Salaam

Kwa Meneja wa Maabara,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msimamizi wa ghala linalofungasha unga wa kutoa madoa, wenye perkaboneti ya sodiamu. Tuliwaletea sampuli mtupimie kama ni kioksidishaji, yaani kama unaweza kuuchochea moto wa vitu vingine. Ripoti imerudi: "Si kioksidishaji." Bosi wangu alifurahi, maana nauli ya meli ingepungua. Mimi nilikosa usingizi. Perkaboneti yenyewe Umoja wa Mataifa umeipa namba 3378, kundi la 5.1 la vioksidishaji, ikipata joto kali hutoa oksijeni, na ghala letu limejaa maboksi.

Nikakaa nikaisoma ripoti yote. Kipimo cha O.1 mnachokitaja, yaani kile cha Umoja wa Mataifa cha kupima vioksidishaji vigumu, kinataka sampuli ichanganywe na selulosi (unga wa nyuzi za mimea unaoungua) kwa uzito wa 4:1 na wa 1:1, na kila mchanganyiko uchomwe mara 5. Nyie mmechoma wa 1:1 peke yake, tena mara 2.

Kwenye safu ya bromati ya potasiamu, kioksidishaji cha kulinganishia, mmeandika "kama kawaida". Kawaida ipi? Unga wetu unatakiwa kulinganishwa na bromati iliyochanganywa na selulosi kwa 3:7, tuone upi unawahi kuungua. Kama bromati hamkuichoma, hizo sekunde mmezilinganisha na nini?

Halafu picha. Gramu 30 zinatakiwa kusimama kama koni, kitako milimita 70, zikiufunika waya wa kuwashia. Rundo lenu limelala kama chapati na waya wote uko nje.

Kilichonichosha zaidi nilikiona kwa macho yangu siku ya kuchukua ripoti: kopo la selulosi liko wazi mezani, kifuniko chake kimegeuzwa kisahani cha kikombe cha chai. Masika hii! Selulosi hukaushwa kwa nyuzi 105 kwa saa 4 na kutunzwa pakavu, unyevu usifike asilimia 0.5. Ikinyonya maji mchanganyiko huungua polepole, na unga wa hatari ukaonekana mpole. Nilipomuuliza kijana wa zamu alinijibu, "Mzee, hiyo haina shida." Simlaumu sana, ni wazi hakuelekezwa.

Naomba muifute ripoti hiyo na kurudia kipimo bila malipo, nami nikiwepo, muda wa kila jaribio uandikwe, wa bromati pia. Mkishindwa, turudishieni ada yetu yote. Kwa sasa wakala wa meli sijampa karatasi yenu, na magunia nimeyahamishia kibanda cha peke yake, mbali na maboksi.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wako,
Msimamizi wa Ghala