Risala ya Wazazi wa Darasa la Kiswahili, Korntal, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa dini, wazazi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kujumuika nasi leo.

Mheshimiwa, mji huu wa Korntal, ulio jirani na Stuttgart, Ujerumani, ulianzishwa mwaka 1819 na Wakristo walioruhusiwa na Mfalme Wilhelm I wa Württemberg kuishi kwa taratibu zao. Ukumbi wao wa ibada, uliofunguliwa mwaka huohuo, ungali umesimama. Mwaka 1975 Korntal iliunganishwa na Münchingen iliyo jirani. Lakini kwetu sisi, fahari ya mji iko makaburini. Hapo amelala mmisionari Johannes Rebmann, aliyeuona Kilimanjaro mwaka 1848 aliposafiri kutoka Rabai, karibu na Mombasa. Yupo pia mmisionari mwenzake Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kufia hapa mwaka 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka uliofuata.

Darasa letu limepiga hatua kubwa. Watoto waliokuwa wakiwajibu bibi zao kwa Kijerumani kwenye simu, sasa wanaamkia shikamoo na kutega vitendawili. Ubao tumenunua, na vitabu tunavyo sanduku zima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na mafanikio hayo, hatuna chumba. Jumamosi hii tunasomea sebuleni kwa huyu, ijayo kwa yule. Vitabu vinashinda kwenye buti la gari. Majira ya baridi yaliyopita viliingia unyevu, kurasa zikagandana, watoto wakawa wanazibandua moja moja kando ya hita. Majirani wanalalamikia kelele, na wana haki, maana watoto wetu wakiimba wanaimba kweli. Mzazi mmoja ameshaandikiwa barua na mwenye nyumba.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi aliyekutangulia aliahidi kutukabidhi funguo za chumba kabla ya Pasaka. Tulimpigia vigelegele, tukamvisha kanga. Pasaka ilipita, na kila tukiulizia tunaambiwa suala linashughulikiwa. Tunamshukuru kwa maneno yake mazuri, ila watoto wanatuuliza chumba kiko wapi, nasi hatuna la kuwajibu. Mji aliozikwa mtunga kamusi ya Kiswahili haustahili kukosa mahali pa watoto kujifunzia Kiswahili hichohicho.

Hatuombi jengo. Tunaomba chumba kimoja chenye hita na kabati la kufungwa, kila Jumamosi asubuhi. Umeme na usafi tutagharamia wenyewe. Na kwa unyenyekevu mkubwa tunakuomba, utakaposimama kuzungumza, ututajie tarehe, ili katibu aiandike kwenye kumbukumbu mbele ya watoto hawa.

Tunaomba kuwasilisha.