Mama mdogo, twende tukapime upya

Mama mdogo, shikamoo. Habari za Mwaloni, na wajukuu hawajambo?

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikigusia kikohozi tu, unageuza maneno. Halafu wapo akina mama wengi wa Kirumba, Igombe na Kayenze, Mwanza, wanaokohoa kama wewe, na nataka nao wasome.

Umemeza dawa za kifua kikuu miezi 6 bila kuruka hata siku moja. Makohozi yalipopimwa hayakuonekana vimelea, lakini picha ya kifua ilikuwa na doa, ukaanzishiwa dawa. Simlaumu aliyekuandikia. Kifua kikuu kwetu kipo, na mtu anaweza kuwa nacho hata kipimo kisipokiona. Ila sasa dawa zimeisha na kikohozi kiko palepale, sauti inakwaruza, magauni yanakupwaya. Tusikubali kuanza dozi nyingine kabla hatujajua lile doa ni nini. Kwenye picha, doa la kifua kikuu na la saratani ya mapafu yanaweza kufanana kabisa. Wa kumaliza ubishi ni kipande cha nyama kilichochukuliwa palepale kwenye doa na kupimwa maabara.

Utaniambia hujawahi kuvuta sigara. Kweli, sigara ndiyo chanzo kikubwa, na watafiti Doll na Hill walilionyesha hilo Uingereza tangu mwaka 1950. Lakini hata Marekani, kati ya wagonjwa 100 wa saratani hii, 10 hadi 20 hawajawahi kuvuta. Na wewe moshi umeuvuta, mama mdogo, tangu mimi sijaanza shule. Nimekuona ukigeuza sangara kwenye chanja, mafuta yanadondokea makaa, moshi mzito unapanda, na wewe umeinama juu yake, mtandio puani, macho yanachuruzika. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishasema kwenye ripoti yake ya 2010 kwamba moshi wa kuni majumbani huenda unasababisha saratani. Sisemi unayo. Nasema una haki ya kupimwa kama mtu anayeweza kuwa nayo.

Saratani ya mapafu inaua watu wapatao milioni 1.8 kila mwaka duniani. Hakuna saratani nyingine inayofikia hapo. Sababu mojawapo ni kuchelewa, maana uvimbe unaweza kukua ndani ya pafu bila kuuma. Huko Marekani waliwapima watu waliovuta sigara sana kwa CT scan (picha ya kompyuta ya ndani ya kifua) ya mionzi midogo, na majibu ya mwaka 2011 yakaonyesha vifo vya saratani hii vimepungua kwa asilimia 20 kuliko kwa waliopigwa eksirei ya kawaida. Mpango wa namna hiyo haumtafuti mbanika samaki. Lazima tujipeleke.

Najua kinachokutisha hasa: kuambiwa jina la ugonjwa halafu urudishwe nyumbani ukasubiri. Ikiwahiwa, sehemu ya pafu yenye uvimbe hukatwa na mtu akapona. Ikiwa imesambaa, kuna mionzi na dawa za dripu, na siku hizi wapo wagonjwa, wengi wao wasiovuta sigara, ambao uvimbe wao ukipimwa vinasaba huonekana unafaa kwa dawa za vidonge. Vidonge hivyo ni ghali, sikufichi. Lakini kwa mionzi hatuhitaji tena kufunga safari ya hospitali ya saratani ya Ocean Road kule Dar, kwani hospitali ya Bugando, Mwanza, inatolewa.

Jumatatu nitakupitia asubuhi twende huko Bugando. Tafuta ile picha ya kwanza ya kifua, nadhani uliiweka chini ya godoro, pamoja na kadi ya dawa, ili daktari alinganishe doa la wakati ule na la sasa. Samaki wa siku hiyo mwachie wifi, nimeshaongea naye, amekubali.