Kwa nini Idd el-Fitri hatutoi chombo saa nne asubuhi

Kila Ramadhani ikiisha tunapata lawama ile ile, na safari hii imekuja kwa ukali. Familia moja ya Dar es Salaam iliweka nafasi ya kutembea na chombo chetu cha matanga Idd pili. Baba alitaka saa nne asubuhi, sisi tukamwandikia saa tisa alasiri, akaona tunamzungusha. "Kaka, Idd el-Hajj mlitutoa saa nne hiyo hiyo. Leo mmepata wazungu ndiyo sisi tunasogezwa?" Wazungu hawakuwapo. Hata maji hayakuwapo.

Jambiani, tulipo sisi, si Kendwa ya kaskazini. Kule unaingia kuogelea muda wowote upendao. Huku mashariki ya Unguja maji yakitoka yanakwenda mpaka karibu na mwamba, na yanachoacha nyuma ni mchanga, majani na mashamba ya mwani. Idd el-Fitri siku zote huangukia mwezi mwandamo, na mwezi ukiandama tunakuwa kwenye bamvua, yaani maji hupwa na kujaa kupita kawaida. Bamvua ya kwetu hupwa asubuhi, saa nne kwenda saa tano, kisha maji hujaa alasiri kuelekea saa kumi na moja. Bamvua kubwa, tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Idd el-Hajj ni tarehe kumi ya Mfungo Tatu, mwezi angani umezidi nusu kidogo, maji ni mafu: yanajaa kabla ya adhuhuri, na hata yakipwa hayaendi mbali. Kwa hiyo bwana yule alipewa saa nne mara ile kwa sababu saa nne maji yalikuwapo. Hakuna aliyempendelea wala aliyemwonea.

Katikati ya hizo Idd mbili hesabu ni nyepesi, kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Na kama hesabu hutaki, watazame kina mama wa mwani. Ukiwaona asubuhi wanateremka na kamba na vigingi vyao, maji yanapwa, chombo hakitoki.

Sasa kuna wanaobisha kwa kutumia maneno yetu wenyewe. "Si mlisema hiki kinaelea kwenye maji ya magoti?" Tulisema, na kinaelea. Tunatumia Hobie 16: mitumbwi miwili myembamba ya faiba, turubai la kukalia katikati, mlingoti mmoja, matanga mawili. Hakina ubao wa kushusha chini kama mashua nyingine za michezo, na sukani zake mbili hujiinua zikigusa mchanga. Lakini sukani zikiinuka chombo hakishikiki. Maji ya magoti yanatosha kukisukuma kwa mkono mpaka kwenye kina, hayatoshi kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo wa kusi, nikiwa na mtoto wako mbele. Halafu kila kikikwaruza jiwe, faiba inalika pale chini, na kuikarabati ni pesa ya mwezi mzima wa safari.

Njia ya mkato wanayoipenda wateja ni kwenda kwa mtu mwingine anayekubali saa yoyote kwa nusu ya bei. Sina ugomvi na manahodha wa ngalawa; wengi ndio walionifundisha kushika demani, ile kamba ya kuongozea tanga, na nahodha wa ngalawa mwenye akili hatoki maji yakiwa yanakimbia. Ila wapo wanaotoka, maana pesa ya sikukuu ni tamu. Mama mmoja na wanawe wawili walikwenda hivyo, wakakwama karibu na mwamba, wakarudi kwa miguu zaidi ya kilomita moja. Mdogo akakanyaga wale viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi. Nusu ya bei waliyookoa iliishia zahanati, na jaketi okozi hawakupewa hata moja.

Sisi asubuhi ya bamvua tunawapandisha baiskeli. Ndiyo maana tunauza vyote viwili pamoja: maji yametoka, familia inakwenda ndani ya kijiji, inapita mashamba ya mihogo ya maweni, inafika pango la Kuza, watoto wanashangaa maji baridi chini ya mawe, mnarudi mnakula, maji yamejaa, mnapanda chombo. Kinachotuharibia ni ule ufukwe. Ukipwa unakuwa mpana, mgumu, mweupe, na kila baba anajiambia: kwa nini nirudi na njia ya mawe wakati hapa ni kama lami?

Hapo ndipo linapokuja lalamiko la pili, la elfu kumi tunayotoza kwa kila baiskeli iliyopita pwani. Eti tunatafuta visingizio. Tairi likirusha maji ya chumvi, yanaingia kwenye gololi za ekseli na ndani ya friwili, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Jioni unairudisha inang'aa. Siku mbili baadaye mnyororo umekuwa wa kahawia, wiki ikiisha pingili zimeshikana hazikunjiki. Fundi wetu anafungua gurudumu la nyuma, anaosha gololi moja moja kwa mafuta ya taa, anaweka grisi mpya. Baiskeli nne ni asubuhi nzima. Vijana fulani waliwahi kupita pwani, wakazifuta, wakaapa walikuwa barabarani. Mnyororo mmoja ukaja kukatika maweni, jua la saa saba, kwa mama mwenye mtoto kwenye keria. Tukamfuata kwa gari na kumrudishia pesa yake. Tangu hapo fundi anapitisha kidole chini ya pedeli kabla hajapokea baiskeli, akikuta mchanga mweupe hasikilizi hadithi.

Wanaosema bei zetu ni za hotelini waje saa kumi na mbili jioni. Chombo kinaoshwa kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, tangu kapi za juu mpaka pini za sukani, henza, kamba ya kupandishia tanga, inakaguliwa ilipopita, tanga linakunjwa likiwa kavu na kuingia kivulini, kwa sababu jua la hapa linakula tanga kuliko upepo. Hakuna mteja anayeiona kazi hiyo, na yote imo ndani ya bei.

Basi ukituandikia, taja tarehe kwanza, saa tutakupa sisi. Tunapakia watu wazima wawili na nahodha, au mzazi mmoja na watoto wawili. Watano hatupakii hata mkiwa wembamba. Kusi likizidi tukafunga, unarudishiwa pesa yote siku hiyo hiyo. Ukichelewa wewe maji yakaondoka, haturudishi.