Risala ya Kikundi cha Akina Mama Wauza Vyungu, Matema, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, wazazi wetu, itifaki imezingatiwa. Karibu Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Sisi ni akina mama 23. Vyungu vyetu vinafinyangwa na Wakisi wa Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, kisha vinapangwa kwenye mitumbwi vikiwa vimefungwa kwa nyasi, kuwahi soko la Jumamosi pale Lyulilo.

Mheshimiwa, ufukwe huu umebadilika tukiuona. Wamisionari wa Kijerumani waliufikia mwishoni mwa karne ya 19, na kwa miaka mingi mgeni hapa alikuwa mtu wa misheni tu. Leo Pasaka ikifika, magari ya Mbeya na Tunduma yanakosa pa kuegesha, na spika zinapigwa hadi alfajiri. Hatulalamiki, pesa tunaiona. Ila mteja wa zamani alikigonga chungu kwa kidole asikie mlio, maana alitaka cha maharage. Wa sasa anakipiga picha kwanza, halafu anauliza kama kipo kidogo cha kupandia maua. Basi na vidogo tunauza. (Kinachotushinda kuelewa ni mtu kukaa mbele ya Ziwa Nyasa, lenye samaki kama mbasa na usipa, akaagiza kuku wa kisasa.)

Kero yetu ni njia. Masika iliyopita ulijengwa uzio pale tulipozoea kushushia mizigo. Mitumbwi sasa inatia nanga mbali, nasi tunapita kwenye mawe, vyungu kichwani. Siku ya kwanza tu mwenzetu aliteleza, vikavunjika 14. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sisi hatuna vipimo vya kitaalamu; tulihesabu hatua kutoka majini hadi kwenye nguzo, zikawa 22. Na hapo ziwa lilikuwa halijajaa.

Hatuombi hoteli zifungwe. Watoto wetu wanafanya kazi humo. Tunaomba njia ya mitumbwi iingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, iwekewe alama, na upana wake uruhusu akina mama wawili wenye vyungu kichwani kupishana.

Mheshimiwa, tunakukabidhi chungu hiki kutoka Ikombe. Ni cha maharage, tafadhali usikipandie maua.

Ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Naomba kuwasilisha.