Hiyo ya kuvimba kabla ya siku zako

Mama yangu, nimeisoma meseji yako ya saa sita usiku. Umezunguka weee, "mama huko, mama kule", mpaka nikadhani simu imeibiwa. Sema tu mashavu ya uke yamevimba, mimi si ndo nilikuogesha jamani.

Sasa kama yanavimba pande zote mbili, unasikia uzito tu, yanaanza siku chache kabla hujaingia period alafu ukishaingia yanapungua yenyewe, hizo ni homoni. Yai likishatoka mwili unashika maji, ndo maana hata matiti yanauma na ile suruali yako ya jinzi haifungi. Vaa chupi ya pamba, jinzi ipumzike. Na usije ukajiosha ndani na sabuni sijui limao sijui chumvi, chumvi ya maji ya Dodoma yenyewe inatosha! Ndani kunajisafisha, nje maji matupu. Pedi za kunukia zikikuwasha acha.

Ila uvimbe wa upande mmoja, kama gololi pembeni ya mlango wa uke, huo sio wa period. Mimi ulinipata wewe ukiwa mdogo tunakaa Chang'ombe, nikaona aibu kwenda hospitali nikaenda duka la dawa, nikaambiwa yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, nikameza dozi mbili nzima, mwisho nikawa siwezi kukaa kwenye daladala, viti vipo mama mtu nimesimama. Kumbe pale kuna vitezi viwili vya kutoa ute, kila upande kimoja, vidogo kama njegere, kimrija kikiziba kinajaa, bakteria wakiingia linakuwa jipu. Nikapasuliwa kidogo, usaha ukatoka, usiku ule nililala kama mtoto. Dokta akasema kikiwa bado kidogo mara nyingine kukalia beseni la maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku kunatosha. Bibi yako wa Mvumi alinifundisha kufunga kitambaa tu, mengine "utakua utajua", haya, nikajulia kwenye daladala.

Ukiona uchafu mweupe mzito kama mtindi na muwasho mkali mara nyingi ni fangasi, na kuna wanaorudiwa nayo kila wakikaribia hedhi, kapime kwanza usinunue dawa kwa kubahatisha. Homa, usaha au vidonda usilale navyo. Kama dokta ni mwanaume na unaona aibu omba nesi awepo.

Nijibu leo, pande zote au mmoja? Karanga nimempa konda wa basi la Kongwa, zikifika nibip.