Kabla hujaiuza Corolla

Nzuguni, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo, ila vumbi la kiangazi limeshaanza. Nimesoma katika barua yako kwamba unataka kuiuza ile Corolla niliyokuachia na kukopa kazini ili ununue gari la miaka ya karibuni, kwa kuwa wenzako hapo Singida wanaiita mkweche na mafundi wanakumalizia mshahara. Sikukatazi, lakini nakuomba kwanza uipitie hesabu yangu.

Mwaka ambao gari hilo lilinigharimu kuliko miaka yote lilipokuwa kwangu, lilikula shilingi 1,140,000, zikiwemo tairi mbili na shokapu za mbele. Marejesho ya mkopo uliyoyataja, 450,000 kwa mwezi, yanakipita kiasi hicho kwa miezi mitatu tu, na mafuta bado utanunua. Hilo unaloliita jipya nalo ni mtumba wa Japani, ambao bei yake imebeba ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 na, likiwa limezidi miaka 8, ushuru wa uchakavu. Wala usione haya: hata Marekani, mwaka 2024, wastani wa umri wa magari ya barabarani ulifika miaka 12.6.

Ila gari la zamani halitaki kuachwa lijiendee. Unalikumbuka birika letu lenye ukoko mweupe? Chumvi hiyo hiyo ya maji yetu huganda ndani ya rejeta ukijaza maji ya bomba, na vijia vyake vikishaziba, joto linakosa pa kutokea. Ndiyo maana nilipokuwa naenda Morogoro mshale wa joto ulipanda kabla sijafika Gairo, nikakaa saa nzima chini ya mti nikisubiri injini ipoe, maana kufungua mfuniko wa rejeta ingali ya moto ni kujiunguza kwa makusudi. Fundi niliyempata baada ya gari kuvutwa aliitoa themostati, kile kidude kinachodhibiti joto la injini, akisema nchi yetu ya joto haiihitaji. Injini ikawa haifikii joto lake sawasawa na mafuta yakawa yanaisha upesi, hadi nilipoirudishia nyingine kwa fedha kidogo kuliko nilizolipa kulivuta gari. Kwa hiyo tumia kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, ibonyeze mipira ya rejeta kila mwezi, na yoyote iliyolegea au kupasuka uibadilishe kabla ya safari. Spea ya mtumba iliyotoka kwenye gari la Japani naiamini kuliko mpya ya bei ya kutupa.

Mpaka wangu ni huu: kutu ikila chasisi, au tengenezo moja likizidi nusu ya bei ambayo ungeliuzia gari, liuze, nami sitanung'unika.

Daftari nililoandikia matengenezo ya gari nalituma kwa basi la Ijumaa. Mkanda wa taimingi umeandikwa kwa kalamu nyekundu, pamoja na kilometa zilizosomeka siku ulipobadilishwa. Linganisha na zinazosomeka sasa kwenye dashibodi, ujue mkanda umeshatembea kiasi gani, kabla hujaenda kusaini mkopo.

Mama yako.