Shukrani kwa mama wa kiti cha jirani

Mama uliyekaa kushoto kwangu Jumamosi ile jijini Paris, tulipokuwa tukitazama filamu za Alice Guy, mwanamke Mfaransa aliyeongoza filamu enzi za filamu bubu, asante sana. Jina lako sikuliuliza, na nilipogeuka kukutafuta mlangoni ulikuwa umeshaondoka.

Kifaransa changu bado kichanga, na yale maandishi ya filamu bubu yalikuwa yakipita kabla sijayamaliza. Ukaniona ninavyohangaika, ukasogea, ukaanza kuninong'oneza mstari kwa mstari, polepole, kwa maneno mepesi. Bila wewe nisingejua kwamba yule mtoto wa filamu ya 1912 alimsikia daktari akisema dada yake atakufa jani la mwisho litakapoanguka. Ningemwona tu bustanini na uzi wake, akiyafunga majani kwenye matawi. Nililia, nawe ukanipa leso.

Ndiwe uliyenieleza pia kwamba Alice alianza kama katibu muhtasi wa Léon Gaumont, mfanyabiashara wa kamera na filamu, akatengeneza filamu yake ya kwanza mwaka 1896, kisha baadhi ya kazi zake zikaandikwa majina ya wanaume. Iliniuma, kama ilivyokuuma wewe.

Leso yako nimeifua, ninayo.